Blok ya 3L ivae pistoni za 5L: fundi kasema inawezekana, nyie mnasemaje?

Viazi_Makete
Wakuu habari za mida. Naomba mchango wa wenye uzoefu kabla sijamwaga hela. Nina Hilux LN106 dabo kebini, injini 3L (hilo ni jina la injini ya dizeli ya Toyota, sio lita tatu), nabebea viazi na mbolea huku Makete, mvua ikianza njia za vijijini ni tope mpaka kwenye ekseli. Gari imechoka: inakula oili lita moja kwa safari mbili, asubuhi moshi wa bluu unafunika mpaka nyumba ya jirani, na mlima niliokuwa napanda na gia ya tatu sasa ni ya pili na bado nalia nayo. Nimefungua, silinda zimelika, ukipitisha kucha pale juu ringi inapoishia unasikia ngazi kabisa. Sasa fundi wangu anasema badala ya kuchonga nusu milimita na kurudi kwenye 3L ileile, tuchonge moja kwa moja ivae pistoni za 5L, ndugu yake mkubwa, maana stroku (mwendo wa pistoni toka chini mpaka juu) ya 3L na 5L ni moja, krenki inabaki, konrodi zinabaki, napata injini ya lita tatu kwa bei ya ovahoo. Inaniingia akilini ila roho inasita. Kuna mtu kafanya ikadumu?

HZJ_Arusha
Uza hiyo Hilux ununue Land Cruiser ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, mjadala umeisha.

Viazi_Makete
Mkuu HZJ hela ya 1HZ ningekuwa nayo ningekuwa hapa naomba ushauri wa kuchonga blok kweli?

kikokotozi
Tuweke namba mezani kwanza ili tusiongee hewani. Ukubwa wa injini ni 0.7854 mara kipenyo cha silinda mara kipenyo tena mara stroku mara idadi ya silinda.
3L: tundu (yani kipenyo cha silinda) milimita 96, stroku 96, silinda nne = cc 2,779.
5L: tundu 99.5, stroku 96 ileile = cc 2,986.
Kwa hiyo fundi kwenye stroku hajadanganya. Unaongeza cc 207, ambayo ni kama asilimia saba na nusu. Oversize ya kawaida, yani pistoni iliyozidi saizi ya kiwandani, ya 0.50 inakupa cc 2,808 hivi, yani nyongeza ya cc 29, hata hutaisikia. Ya 1.00 inakupeleka 2,838. Swali sio kama cc zinaongezeka, swali ni kwamba unatoa chuma cha milimita 1.75 kila upande wa silinda kwenye blok ambayo haikusubiwa kwa kazi hiyo.

Dada Spana
Hapo kikokotozi umemaliza nusu ya kazi, nusu nyingine ni hii. Mimi nafungua hizi injini za ukoo wa L kila wiki na jambo la kwanza ninalomwambia mtu ni gasketi. Gasketi ya hedi ya 3L tundu lake limekatwa kwa silinda ya 96, ukiiweka kwenye silinda ya 99.5 ule mdomo wake unaingia ndani ya silinda, moto unaupiga, unaungua, unapasuka na pistoni inaweza kuugonga. Kwa hiyo lazima gasketi iwe ya 5L. Halafu hapohapo angalia njia za maji, weka gasketi mpya juu ya blok yako kabla ya kuchonga chochote, tazama kama kila tundu la maji na la oili linakaa sawa na la kwenye blok. Dakika mbili tu hizo lakini watu hawafanyi. La pili ni pini ya pistoni, usiamini mdomo wa muuza spea, chukua venia pima pini ya 5L na bushi ya konrodi yako, pima pia toka katikati ya pini mpaka kichwa cha pistoni kwa zote mbili. Ikizidi hata kidogo pistoni itabusu valvu.

Nakuru Diesel
Sasa wadau. Mimi nilifanya hiyo kitu, niko Nakuru, Hilux ya 3L tukaipanua ikavaa pistoni za 5L. Ilivuta vizuri sana hiyo miezi ya kwanza, huwezi amini ni ile gari, Mau Summit napanda na mzigo bila kupangua gia ovyo. Karibu miezi saba ikaanza kumeza maji bila kuvuja nje. Mara ya kwanza nikabadilisha gasketi, mara ya pili hedi ikapelekwa kukwanguliwa, mara ya tatu ndio mtu akajaza maji kwenye blok, akaweka presha, na maji yakatoka kama jasho ukutani kwa silinda ya tatu. Ufa mwembamba kama unywele, umesimama wima. Blok ikawa chuma chakavu. Kwa hivyo jibu langu kwa "ilidumu?" ni miezi saba.

chuma_cha_pua
Nakuru pole, ila kesi moja haithibitishi. Hujui kama hiyo blok ilishawahi kuchemsha kabla hujaipanua. Blok iliyochemsha mara tatu nne inaweza kupasuka hata kwa saizi yake ya kiwandani. Mimi namfahamu jamaa yuko Tukuyu anaendesha 3L iliyopanuliwa mwaka wa tatu huu anabeba ndizi.

Nakuru Diesel
Sawa, lakini ilikuwa haijachemsha mikononi mwangu na nimekuwa nayo miaka tisa.

fundi wa Gerezani
Wakuu mbona mnahangaika, dawa ya ukuta mwembamba ni slivu, bomba la chuma la kuvalisha silinda kwa ndani. Chonga, zamisha slivu, piga honi (kusugua ukuta uwe laini), basi. Tunafanya kila siku hapa Dar.

kikokotozi
Fundi hapo ngoja kwanza, tupige hesabu. Slivu nayo ina unene wake. Tuseme ukuta wake ni milimita mbili tu, ili ndani ibaki 99.5 tundu la kuizamisha lazima liwe 103.5. Sasa umeondoa milimita 3.75 kila upande badala ya 1.75. Slivu inafaa unaporudisha silinda iliyolika kwenye saizi yake ya zamani, ila kama lengo ni kupanua basi inakula chuma kingi zaidi kwenye blok ileile unayoogopa itapasuka.

fundi wa Gerezani
Nakubali kwa hesabu uko sawa. Ila slivu yenyewe ni chuma kizuri kuliko blok, ikibanwa vizuri ndiyo inayobeba kazi.

Dada Spana
Inabeba kazi kama nyuma yake kuna kitu kimeishikilia. Ukitoboa mpaka ukatokea kwenye maji, slivu kavu haina pa kuegemea na maji yanapita pembeni yake yanashuka kwenye oili.

mzee wa 109
Vijana salama? Naona mnaongea kuhusu kupanua tundu kana kwamba ndiyo njia pekee ya kuongeza injini. Nimekulia kwenye Land Rover tangu enzi za misheni. Injini ya dizeli ya lita mbili na robo, cc 2,286, tundu lake 90.47 na stroku 88.9. Waingereza walipotaka lita mbili na nusu miaka ya 80 hawakugusa tundu kabisa, liliachwa 90.47 vilevile, wakaweka krenki yenye mwendo mrefu, stroku ikawa 97, ndiyo hiyo cc 2,495 ambayo baadaye ikaja kuwa Tdi. Walijua kuta ndiyo mali ya injini. Kuta hazichezewi.

chuma_cha_pua
Shikamoo mzee wa 109. Kwa heshima zote nikurekebishe kidogo. Kabla ya hiyo mbili na robo ilikuwepo dizeli ya lita mbili, ya mwaka 1957, cc 2,052, tundu 85.7 na stroku hiyohiyo 88.9. Mwaka 1961 walipokwenda mbili na robo walipanua tundu mpaka 90.47, karibu milimita tano. Kwa hiyo kuta walizichezea tena sana, stroku ilikuja baadaye.

mzee wa 109
Marahaba kijana. Ni kweli, ile ya lita mbili niliisahau, na walioiendesha hawakuipenda. Lakini angalia tofauti: wao walisubu blok upya. Hawakuchukua blok ya zamani wakaipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kuchonga.

Bahari_Muscat
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Muscat, huku kupanda matuta ya mchanga ni kama mpira wa miguu huko nyumbani, kila Ijumaa. Ninayoyasema ni ya petroli lakini somo ni moja. Nissan Patrol ina TB45 na TB48. TB45 tundu 99.5 na stroku 96, TB48 tundu lilelile 99.5 ila stroku 102. Toka cc 4,478 mpaka 4,759 kwa krenki tu. Na TB48 wallahi ndiyo injini inayobeba turbo kubwa huku, watu wanaipa nguvu za ajabu na blok imetulia. Kwa hiyo mimi niko na mzee.

kikokotozi
Bahari umenishangaza. TB45 ni 99.5 kwa 96? Hizo ni namba za 5L kabisa. Yani 5L ya Toyota yenye silinda nne na TB45 ya Nissan yenye silinda sita zina silinda za vipimo sawasawa, chukua 2,986 zidisha kwa moja na nusu unapata 4,479. Makampuni mawili tofauti, moja dizeli moja petroli. Nimefurahi mpaka nimemsomea mke wangu, kaniambia nilale.

HZJ_Arusha
Mke wako ana akili. Na 1HZ je? Nasikia watu wanasema oversize inaifanya kuwa 4.5

kikokotozi
1HZ ni 94 kwa 100, silinda sita, cc 4,164. Ukiweka 0.50 inakuwa 4,208, ukiweka 1.00 inakuwa 4,253. Ili ufike 4.5 kwa tundu peke yake unatakiwa uvuke 97. Anayekwambia oversize yake imekuwa 4.5 hajapiga hesabu.

HZJ_Arusha
Asante, kuna mtu kijiweni kesho ananinunulia supu.

Ngano_Karatu
Jamani turudi kwa mwenye uzi. Viazi, gari yako ina tairi gani?

Viazi_Makete
235/85 R16. Nilizitoa kwenye Land Cruiser ya ofisi moja iliyopiga mnada. Zilizokuja na gari zilikuwa 205 R16, zilikuwa chini sana, tumbo linakaa kwenye tope.

Ngano_Karatu
Nilijua. Sikiliza, 205 R16 kimo chake ni kama milimita 742, hiyo 235/85 ni kama 806. Umepandisha kimo cha tairi kwa asilimia nane na nusu na difu ni ileile, maana yake kila gia yako imekuwa nzito kwa asilimia nane na nusu. Umesikia kikokotozi anasema pistoni za 5L zinakupa saba na nusu. Unataka kuhatarisha blok ili urudishe nguvu iliyomezwa na tairi, na hata haitarudi yote. Mlima wa gia ya tatu uligeuka wa gia ya pili lini, kabla au baada ya tairi?

Viazi_Makete
Mkuu umenigusa. Nikikumbuka vizuri ni baada ya tairi, ila moshi na kula oili navyo vilianza kipindi hichohicho kwa hiyo nikaona ni jambo moja.

Dada Spana
Basi tafuta difu yenye uwiano mfupi. Mbele na nyuma ziwe sawa kabisa, usije ukabadilisha nyuma peke yake halafu ukaingiza fowili (tairi zote nne zivute), utavunja transfa.

Nakuru Diesel
Ama arudishe tairi ndogo.

Viazi_Makete
Tairi ndogo siwezi. Mwaka juzi nililala njiani siku mbili na viazi vikaanza kuota, tumbo limekaa juu ya tope tairi zinazunguka hewani. Kwangu kimo sio urembo.

Mwalimu Fizikia
Nimesoma kimya mpaka hapa. Hamjataja kitu kikubwa kuliko vyote, hewa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu. Uwanda wa Kitulo, huko huko Makete, uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na Dar au Tanga. Injini ya cc 2,779 ikifika Kitulo inapumua kama injini ya lita mbili na kidogo ya pwani. Weka 5L, nayo inapoteza robo ileile. Pampu haijui kwamba hewa imepungua, inamwaga dizeli ileile, ndiyo moshi mweusi unaouona mkipanda. Mnaongeza asilimia saba mahali palipopungua ishirini na zaidi.

chuma_cha_pua
Kwa hiyo mwalimu unasema turbo.

Mwalimu Fizikia
Sijasema, lakini kifizikia ndiyo dawa ya mwinuko.

Dada Spana
Na kifundi ndiyo sumu ya hedi. Mwalimu hizi L zina chemba ndogo kwenye hedi moto unakoanzia, joto lote linakaa pale katikati ya valvu. 2L-T, ndugu yao mwingine, ilitoka kiwandani na turbo yake na kila fundi anaijua kwa kupasua hedi. Sasa uchukue 3L iliyochoka uipachike turbo ya mtumba bila geji ya joto la moshi, upande nayo Kitulo na tani moja ya viazi. Mimi sikupi wiki mbili.

Bahari_Muscat
Turbo ndogo, presha ndogo, geji mbili, dereva mwenye nidhamu. Inawezekana dada yangu.

Dada Spana
Dereva mwenye nidhamu na mvua inakuja na viazi vinaoza? Kaka yangu wewe unacheza Ijumaa, huyu anatafuta ada ya watoto.

Bahari_Muscat
Hapo umenishinda.

fundi wa Gerezani
Mimi bado sijasikia mtu aliyeuliza habari ya pampu. Hata ukiweka pistoni za lita kumi, kama pampu inatoa dizeli ya 3L unapata nguvu ya 3L. Hewa imeongezeka, mafuta hayajaongezeka. Lazima pampu iende benchi ipimwe, nozeli zipimwe, na iongezwe kidogo kwa vipimo. Sio kule kukaza skrubu nyuma ya pampu kwa sikio mpaka moshi uwe mweusi. Na kingine, hii injini ina taimingi belti na pampu inazungushwa na belti hiyohiyo. Viazi ulibadilisha belti lini mara ya mwisho na nani alikufungia? Ikiruka jino moja tu pampu inachelewa, gari inakuwa nzito, moshi mwingi, na mtu anafungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao ni wa spana mbili.

Viazi_Makete
Belti ilibadilishwa mwaka jana gereji moja mjini wakati natoka kupeleka mzigo. Sikumbuki kama gari ilibadilika hapo, na tairi nilizipata karibu na kipindi hicho. Mnanichanganya sasa jamani, ugonjwa mmoja una madaktari sita.

kikokotozi
Niongeze la saba. Kompresheni. Ukipanua silinda huku ile nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ileile, uwiano wa mgandamizo unapanda. 3L iko kama 22 kwa moja. Silinda moja ya 3L ni cc 695, ya 5L ni cc 746. Kama nafasi ya juu haibadiliki unavuka 23 na nusu. Inawaka vizuri asubuhi ya baridi, lakini hedi na gasketi vinabeba mzigo zaidi. Inategemea umbo la kichwa cha pistoni na unene wa gasketi, kwa hiyo nayo ni ya kupima, sio ya kusema.

Bwana Metali
Nimechelewa kuuona uzi, nilikuwa chini ya gari. Mimi kazi yangu ni mashine ya kuchonga, Mbeya, mwaka wa 22 huu. Niseme ya kwangu halafu mwenye uzi aamue.

Blok za 3L zinapanuliwa, nimeshapanua kadhaa, na baadhi zinatembea. Zilizokufa nazo nimeziona. Tofauti yake huwezi kuijua kwa macho, kwa sababu wakati wa kusubu ule mchanga wa ndani unaotengeneza njia ya maji unaweza kusogea kidogo, ukuta unakuwa mnene upande huu mwembamba upande ule. Blok mbili zinazofanana kwa nje, moja inakubali moja inakataa. Wenye vifaa wanapima unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Mimi sina, na wengi wetu hatuna.

Kitu kinachoua zaidi ni maji. Watu wanajaza rejeta maji ya mto miaka kumi bila kulenti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Ukifungua vizibo vya pembeni ya blok unakuta tope jekundu limeganda mpaka katikati ya silinda. Ukuta unaliwa kutokea nyuma, kisha wewe unakuja unauchonga kutokea mbele. Ya Nakuru siijui lakini ningeuliza hilo kwanza.

Na mtu akileta blok kwangu bila pistoni mkononi namrudisha. Kila pistoni naipima, kila tundu nalichonga kwa pistoni yake, naandika namba kwa chaki, moja, mbili, tatu, nne. Mchonga anayekwambia acha blok pistoni utaleta kesho, chukua blok yako uondoke. Hedi nayo ikikazwa boliti silinda inavutika kidogo, ndiyo maana kwa kazi nzuri unafunga bamba zito juu ya blok ukalikaza kama hedi kabla ya honi. Bamba la L ninalo, nilichongesha mwenyewe.

Nakuru Diesel
Bwana Metali sitakudanganya, miaka yote tisa ilikuwa maji ya mfereji. Kulenti niliweka siku niliyotoa injini gereji.

chuma_cha_pua
Si nilisema blok yake ilikuwa na historia.

Nakuru Diesel
Ulisema kuchemsha, hukusema maji.

Viazi_Makete
Bwana Metali nashukuru sana. Nimefungua vizibo leo. Kuna tope jekundu, nimechokonoa na waya limetoka kama ugali wa muhogo, nimejaza kikopo cha nusu lita. Huku kwetu tunajaza ya kisima na ya mto, kweli.

Ngano_Karatu
Basi jibu umelipata, 0.50 na usafishe blok.

fundi wa Gerezani
Hajalipata. Tope sio kutu, tope linatoka. Aoshe kwanza aone ukuta.

mzee wa 109
Viazi, tafuta blok mbovu ya 3L, kwenye chuma chakavu hazikosekani, ikate kwa msumeno katikati ya silinda utazame mwenyewe. Sisi tulifanya hivyo kwa Land Rover mwaka 1979 na nilijifunza kuliko miaka miwili ya kuambiwa.

Viazi_Makete
Mzee shikamoo. Kuna moja Njombe imetobolewa na konrodi ubavuni, wananiuzia kwa kilo. Nitarudi.

HZJ_Arusha
Ukimaliza kuikata utuletee picha, na ukichoka kukata 1HZ bado ipo.

Hilux mpya
Samahani naingia pembeni, ukibadilisha cc kwenye kadi ya gari inakuwaje? Kadi yangu imeandikwa 2,770 na kitu.

chuma_cha_pua
Ukibadilisha injini nzima namba ya injini inabadilika, lazima upeleke TRA wakurekebishie kadi. Ukichonga blok yako mwenyewe namba inabaki ileile ila cc kwenye kadi zinakuwa sio kweli tena. Ukaguzi wa ajali au bima ukiingia ndani hapo unaweza kupata maswali. Ni jambo la kwenda kuuliza, usisubiri ajali.

Bahari_Muscat
Na kwa nini asichukue 1KZ, dizeli nyingine ya Toyota? Lita tatu, ina turbo yake ya kiwandani.

kikokotozi
1KZ tundu lake 96 kama 3L, stroku 103, cc 2,982. Wapo walionifuata inboksi wanauliza kama krenki ya 1KZ inaingia kwenye 3L. Haiingii, ule ni ukoo mwingine kabisa. Ukitaka 1KZ unahamisha injini nzima, na ile pampu yake ya umeme huko Makete nani atakutengenezea.

Viazi_Makete
Nimerudi wakuu. Niliinunua ile blok, nimeikata silinda ya pili na ya nne, msumeno wa mkono, mimi na mdogo wangu tukipokezana toka asubuhi mpaka saa kumi, visu vitano vimeisha. Silinda ya pili ukuta umelingana pande zote, vizuri tu. Ya nne, upande unaotazama nyuma ya gari ni mwembamba karibu nusu ya ule wa mbele. Silinda hiyohiyo. Na kwa nyuma kutu imekula vishimo vishimo kama jani lililoliwa na viwavi, kishimo kimoja ncha ya msumari inazama.

Nakuru Diesel
Umeona. Hapo toa 1.75 nyingine uone kinabaki nini.

fundi wa Gerezani
Mimi naona silinda ya pili iko vizuri. Hiyo ya nne ni kutu, blok yenye kulenti toka mwanzo ingekuwa kama ya pili.

Mwalimu Fizikia
Kutu inaeleza vishimo, haielezi nusu nzima ya upande mmoja. Huo ni mchanga wa kusubia uliosogea kama alivyosema Bwana Metali.

Dada Spana
Au vyote viwili. Maji ya moto yanakaa nyuma ya blok, mzunguko huko ni mdogo, kutu inapapenda.

Bwana Metali
Viazi, kwenye blok yako wewe silinda iliyolika zaidi ni ya ngapi?

Viazi_Makete
Ya nne.

Bwana Metali
Ilete Jumatatu pamoja na pistoni za 0.50. Ile ya nne nitaipima na bore geji juu, katikati na chini kabla sijawasha mashine. Ikikubali kusafika kwa 0.50 tunaishia hapo, ikikataa tunaongea mimi na wewe tukiwa tumesimama mbele yake. Na usiuze hiyo blok uliyokata, njoo nayo.

chuma_cha_pua
Na yule wa Tukuyu nimempigia, anasema yake ilipimwa unene kabla ya kupanuliwa, ilitumwa Dar kwa mtu mwenye mashine. Kwa hiyo inawezekana mkipima.

Ngano_Karatu
Na tairi bado ni 235/85.

Viazi_Makete
Tairi bado ni 235/85 mkuu. Jumatatu alfajiri blok inapanda fuso la viazi kwenda Mbeya, na njiani napitia kuangalia alama za taimingi belti kwenye puli, maana zile bado sijazigusa.